Taa ya Kona ya Kushoto

Jini, wanasema, haingii mahali mpaka akaribishwe. Kama ni kweli, basi hakuna watu wanaocheza na hatari kama walimu wa udereva, maana hao hukaribisha kutwa nzima, kila kona, bila kumtaja mgeni.

Huyu wetu kila mtu alimwita Mwalimu, hata mkewe akiwa amekasirika. Alikuwa na gari dogo la zamani lenye kibao juu ya paa na breki ya pili upande wa abiria, na maneno matatu aliyoyasema mpaka yakawa sehemu ya pumzi zake: "Onyesha, tazama, ingia." Yaani onyesha ishara, tazama kioo na barabara, halafu ingia kona. Binti yake wa miaka saba aliyaimba akirukaruka juu ya kochi. Mtoto huyo walimwita Kiroboto kwa sababu hakujua kutulia. Mlangoni hakungoja kufunguliwa vizuri, alipita chini ya mkono wako na begi lake, na kiatu chake cha kulia chenye bizimu ya mkanda iliyolegea kikilia tik, tik, tik mpaka jikoni. Kila siku Mwalimu aliahidi kuitengeneza ile bizimu.

Taa ndizo zilizoanza. Gari lilikuwa na taa za kona, vitaa viwili vya pembeni mwa bampa vinavyowaka upande mmoja ukionyesha ishara, ili dereva auone ukingo wa barabara anakoingia. Balbu zake zilikuwa zimechoka, zikitoa mwanga wa njano kama chai ya majani ya jana. Jioni moja mwanafunzi alitumbukiza tairi mtaroni, na Mwalimu akasema imetosha, naweka LED.

Fundi umeme wake aliitwa Waya, kwa kazi yake na kwa wembamba wake.

"Hii haili umeme, Mwalimu," alisema akiifungua balbu mpya. "Inalamba tu."

Ya kulia iliwaka papo hapo. Ya kushoto ikagoma.

"LED ina chanya na hasi," Waya alisema. "Ukiichomeka kinyume, inanuna." Akaichomoa, akaigeuza, akairudisha, nayo ikawaka nyeupe pe, hata ukuta wa gereji ukaonekana umesogea karibu. Kisha akazima swichi. Ya kulia ilikufa. Ya kushoto ikabaki na kimwanga kidogo, kama jicho la mtu anayejifanya amelala.

"Na hiyo?"

"Umeme kidogo unavuja. Itazoea."

"Taa nayo inazoea?"

"Kila kitu kinazoea, Mwalimu. Hata wewe ulizoea ndoa."

Wakacheka, na Mwalimu akaondoka na taa zake.

Jioni ya siku hiyo ya taa mpya, mwanafunzi alikuwa mama mmoja mfamasia, mwoga wa kona. Giza lilikuwa linaingia walipofika kwenye ghala lililofungwa siku nyingi, ambapo barabara hupinda kushoto ikiufuata ukuta mrefu usio na dirisha. Mama akaonyesha ishara. Taa mpya ikaumulika ukuta wote, na changarawe, na kopo lililobondeka. Mama akakanyaga breki kwa miguu yote miwili.

"Kuna mtu pale."

Mwalimu akatazama. Ukuta, changarawe, kopo. "Hakuna mtu, mama. Ni taa mpya, zinakuonyesha vitu ambavyo hukuwa unaviona. Haya, tena. Onyesha. Tazama." Akanyoosha mkono kuelekea ule mwanga. "Ingia."

Gari likazama kidogo nyuma, upande wa kushoto, jinsi linavyozama mtu mzito akikaa. Mlango haukufunguka. Ikaja harufu ya chuma kilicholala majini.

"Mwalimu," mama alinong'ona, macho yakiwa mbele, "tumempakia nani?"

"Springi hizo, zimezeeka," Mwalimu akajibu, lakini hakugeuka kuitazama springi. Mama yule aliteremka kwao bila kuaga, na hakurudi tena kwenye mafunzo.

Mwalimu akampitia Kiroboto kwa shangazi yake. Mtoto akaingia nyuma kwa kishindo, akabamiza mlango kama kawaida yake, kisha akatulia. Kiroboto, kutulia! Mwalimu akatazama kioo. Mtoto alikuwa amejibana upande wa kulia, begi mapajani.

"Mbona umejikunyata hivyo, mwanangu?"

"Namwachia nafasi."

"Nani?"

"Uliyemwambia aingie."

Watoto wana michezo yao, alijiambia, na mtu mzima akiogopa mchezo wa mtoto nani hatamcheka? Walipofika nyumbani akafungua mlango. Kwa mara ya kwanza Kiroboto hakupita chini ya mkono wake, alisimama kizingitini.

"Baba, anauliza, na yeye aingie?"

Mbu walikuwa wengi na Mwalimu alikuwa amechoka. "Ingieni," akasema, "ingieni nyote, mnaniingizia mbu."

Mkewe alikuwa muuguzi, mtu asiyeamini kitu kisicho na dawa. Yeye ndiye aliyesikia kwanza. Kutoka chumbani kwa mtoto ilitoka sauti ya ishara ya gari, tik-tak, tik-tak, ile ile inayolia unapongoja kuingia kona, na gari lilikuwa nje limezimwa. Walipofungua mlango sauti ikakatika. Kiroboto alikuwa amelala kwenye ukingo kabisa wa kitanda, mgongo nje, mkono mmoja unaning'inia, na kitanda kilichobaki kilikuwa na bonde, na shuka la lile bonde lilikuwa baridi na lina unyevu, na ile harufu ya chuma ilikuwa imejaa chumbani hata mama akafunika pua kwa kanga.

Wakamhamishia chumbani kwao. Haikusaidia. Mtoto alianza kukonda, akaacha kuruka, akawa anajibu maswali baada ya kusikiliza pembeni kwanza, kama mtu anayetafsiriwa. Mama akampima joto, akampima damu, akampeleka kwa daktari wake mwenyewe. Hakuna ugonjwa. Asubuhi moja, akimchana nywele, akamsikia akisema polepole:

"Mama, anasema hapa ni padogo. Anasema mmoja wetu itabidi atoke."

Kitana kikamdondoka muuguzi.

Mwalimu akakimbilia gereji. "Toa hizo taa zako, Waya. Rudisha zile za zamani."

Waya alikuwa na utani mdomoni, akaumeza alipomwona uso. Akachomoa LED ya kushoto, akachomeka balbu ya njano. Ikawaka nyeupe. Akaigeuza mkononi, akaikagua, ilikuwa ile ile ya zamani, kioo kimefifia. Akaichomoa tena. Balbu ikiwa kiganjani mwake, tundu likiwa wazi, waya zikining'inia hazigusi kitu, mwanga mweupe ulikuwa bado umelala ukutani mwa gereji mchana ule, umetulia tuli, na katikati yake palikuwa na kivuli cha mtu aliyeketi.

Waya alirudi nyuma mpaka mgongo ukagonga meza ya vyuma. "Mwalimu," alisema, na sauti yake haikuwa na mzaha hata chembe, "hii si kazi ya waya. Hii ina wenyewe."

Akampeleka kwa mganga, mtu mfupi mwenye miwani na kikohozi, aliyeishi juu ya duka la vifaa vya shule na asiyependa maneno mengi. Mganga akasikiliza mpaka mwisho.

"Ulipomwambia aingie, ulimtaja?"

"Sikumtaja mtu. Ni neno la kazi tu. Nalisema kila kona."

"Na kila kona lilikuwa linaangukia giza. Safari hii umemulika ukuta wa watu, umewanyooshea na mkono." Akakohoa. "Neno lisilo na jina huokotwa na yeyote aliye karibu. Na nyumbani ukamkaribisha mara ya pili, si ndiyo?"

Mwalimu akainamisha kichwa.

"Mrudishe alipopandia. Mtoto awepo, maana amemganda, na bila mtoto hatatoka nyumbani. Washa taa ile. Usimtazame, mgeni ukishamwona uso hafukuziki. Halafu umtaje. Sema, 'Wewe uliyeingia kwa neno langu, shuka.' Yote, kama ilivyo. Usiseme 'shuka' tupu. Shuka tupu inamhusu kila aliyepanda."

Mwalimu aliirudia sentensi ile njia nzima. Nyumbani akamwambia mkewe, naye, asiyeamini kitu kisicho na dawa, hakubisha. Alimvalisha mtoto sare na viatu vyake, akamfunga mkanda kiti cha nyuma, akambusu. Kisha akamshika mumewe shati.

"Nirudishie mwanangu. Tafadhali, baba. Usikosee neno."

Jua lilikuwa limezama tu alipofika kwenye ghala. Kioo cha ndani alikuwa amekigeuzia juu, yeye aliyeishi kwa vioo, na shingo ilimuuma kwa hamu ya kugeuka. Akasimamisha gari penye kona. Akaonyesha ishara. Tik-tak, tik-tak. Mwanga ukauvaa ukuta wote, na harufu ya chuma ikapanda kutoka chini ya viti ikajaa gari zima, na nyuma yake akasikia pumzi, za mtoto upande wa kulia, nyepesi na za haraka, na nyingine upande wa kushoto, nzito, zenye maji ndani yake, ambazo kidogo kidogo zilianza kuwa nyepesi, zikaanza kuwa za haraka, mpaka hakuweza tena kusema zipi ni za nani.

"Baba," ikasema sauti ya Kiroboto upande wa kulia, "usiniache hapa."

"Baba," ikasema sauti ya Kiroboto upande wa kushoto, "usiniache hapa."

Akafumba macho. Alitamani kuliko kitu chochote duniani kugeuka, kumshika aliye wake, kumvuta mbele mapajani mwake, lakini mganga alikuwa amesema asitazame, na sentensi ilikuwa pale pale, tayari, wewe uliyeingia kwa neno langu, alikuwa nayo mdomoni, alikuwa ameshavuta pumzi ya kuisema, wakati kidole kimoja kidogo chenye ubaridi wa bomba kilipomgusa kisogoni, kikapanda taratibu kwenye nywele, na mwili wake wote ukaruka, na ulimi, ambao kwa miaka na miaka ulimaliza kila somo kwa neno moja kwa kila mwanafunzi aliyefika kwao, ukalikimbilia neno lile.

"Shuka!"

Alilisikia mwenyewe. Akalifukuza kwa mengine, "wewe uliye... wewe uliyeingia kwa..." lakini mkanda ulikuwa umeshafyatuka, mlango ulikuwa umeshafunguka. Mtu akakanyaga changarawe.

Tik. Tik. Tik.

Mlango ukafungwa polepole, kwa adabu.

Taa ya kona ikazimika yenyewe. Harufu ikakatika kama iliyokatwa kwa mkasi. Mwalimu akabaki ameshika usukani, macho bado ameyafumba.

"Ameshuka?" akauliza.

"Ameshuka, Baba," ikajibu sauti ya mwanawe.

Ile tik tik aliisikia, na alijua ameisikia. Lakini majini ni wezi, alijiambia, wanaiba sauti, si alikuwa ameiba na ya kuitia "Baba"? Moyo unaotaka kuamini hauombi ushahidi. Akatia gia, akaondoka, na alipolia njiani alilia kwa furaha. Nyuma ya gari kitu kidogo kilikimbia kidogo kwenye changarawe, kikaita, kikaachwa, naye akaongeza sauti ya injini ili asikisikie.

Mkewe alikuwa amesimama mlangoni tangu walipoondoka, taa za sebule zote zimewashwa. Alipoona gari alitoka mbio, akarudi, akacheka, akajifuta macho kwa kanga.

"Yuko wapi? Yuko wapi Kiroboto wangu?"

Mtoto akashuka. Akaufunga mlango wa gari bila kuubamiza. Akatembea uani, uso wake, sare yake, mikono yake miwili imetulia ubavuni, na Mwalimu aliyekuwa nyuma yake akayatazama miguuni mwake yale mawe ya uani, ambayo kiatu cha kulia kilikuwa kikiyapiga kila siku mpaka majirani wakalalamika. Viatu vilikuwa kimya. Bizimu zote mbili ziling'aa, zimekaza.

Nani ametengeneza bizimu?

Mtoto alifika kizingitini. Mlango ulikuwa wazi, mama yuko ndani hatua mbili, mikono ameifungua. Kiroboto, ambaye kabla ya yule mgeni hakuwahi kungoja mlango katika maisha yake, alisimama, akaunganisha miguu, akamtazama mama yake usoni, akangoja.

Mwalimu akafungua mdomo kupiga kelele. Mkewe akamtangulia.

"Mbona unasimama hapo kama mgeni?" mkewe alisema, akicheka na kulia. "Ingia, mwanangu. Ingia, mama."

Akaingia.