Tokeni ya Kinyozi

Kila Jumamosi, nikishaanika sare za shule, nilipanga tokeni zangu mezani kwa bibi. Ni vipande vya shaba, ukubwa wa kifungo cha koti. Zamani za vita, askari kambini walivitumia badala ya pesa: kimoja chai, kingine sabuni. Vita vilipokwisha vingi viliyeyushwa, ndiyo maana ni adimu. Mimi nilikuwa na tokeni kumi na tisa, na kwa miaka mitatu nilikuwa nikisaka ile ya kinyozi, yenye picha ya mkasi. Fundi saa wa mtaani, aliyenifundisha kuzitambua, aliniita Profesa. Nilivimba kichwa, sikatai.

Jumamosi moja akaingia Kijiti, binti wa shangazi yangu. Tulimwita hivyo kwa wembamba wake.

"Dada, hebu nitazamie. Nimeikuta kwenye sanduku la marehemu baba yake baba. Alikuwa mpishi kambini."

Akafungua kiganja. Mkasi huo! Macho yalinitoka pima. Miaka yote mimi nahangaika, yeye anaokota tu! Roho iliniuma kwelikweli.

"Bandia hii," nikasema. "Shaba haiwi nyepesi hivi."

"Kweli?"

"Kati yangu na wewe, nani Profesa?"

Kijiti alinyong'onyea. Wala sikutaka anipe. Nilitaka tu asiwe nayo. Akachukua kifuniko cha sufuria cha bibi, kilichong'oka kishikio, akaenda kwa fundi bati. Mimi nilijikaza kisabuni, nikaendelea kupanga zangu, lakini hazikunipendeza tena.

"Mbona umenuna?" akauliza bibi, akichambua maharage mlangoni.

"Sijanuna."

"Haya. Mwenzio kasema kile kibati chake hakifai, bora fundi akitoboe, akikaze chini ya kishikio."

Loo! Nilitoka mbio, hata viatu sikuvaa. Nikamkuta fundi ameweka msumari juu ya ule mkasi, nyundo iko juu.

"Fundi, usipige!"

"Kulikoni? Nyumba inaungua?"

"Kijiti, nimekudanganya," nikasema nikihema. "Ni ya kweli. Nilipoiona kwako nilishikwa na kijicho."

Hakunitukana; afadhali angenitukana. Aliifuta kwa sketi, akaitia mfukoni.

"Na mimi nilikuamini, Dada."

Kesho yake aliipeleka kwa fundi saa, akaulize upya kama ni ya kweli. Nikamweleza bibi yote huku nalia. "Hata nikisema kweli, haniamini!"

"Atakuaminije?" akasema bibi, akinipangusa machozi. "Mjukuu wangu, asiyejua akikuuliza, amekuazima macho yako aonee. Ukimdanganya, umempofusha. Wivu utakushika tena, wewe ni binadamu. Ukikushika, uma ulimi mpaka upite, kisha sema kweli. Sasa nenda kwa Kijiti. Usimwambie akuamini. Mwambie tu umekosa."

Nikaenda.