Kishubaka cha Bi Mwanvua

Katika duka la Joanitha, pale Ujiji, kompyuta tatu zilikuwa zimeungwa kwa waya, na hakuna hata moja iliyomwona mwenzake. Waya zilikuwa mpya. Swichi, kile kisanduku kinachokusanya waya zote, ilikuwa ikipepesa taa zake za kijani kama kawaida. Lakini kazi iliyochapwa kwenye kompyuta ya mlangoni haikufika kwenye ile yenye printa, hata ungeituma kutwa nzima. Joanitha alihamisha kila kitu kwa flashi, huku wateja wakimtazama kwa ile huruma inayoudhi.

Duka lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba ya zamani aliyopangishwa na Bi Mwanvua, ajuza aliyeishi uani. Joanitha alikuwa ametoka Bukoba baada ya kufiwa na mumewe, yeye na binti yake Selina wa darasa la kwanza. Hakuwa na mwingine duniani. Selina akitoka shule alikaa kwenye kigoda kando ya printa, akipanga karatasi na kuuliza maswali mpaka mama yake aseme, "We mtoto utanitoa roho," kisha amvute na kumbusu utosini.

Bi Mwanvua alikuwa na sharti moja tu. Kishubaka cha ukutani, alikofukizia ubani na kunyunyiza marashi kila Alhamisi, kisiguswe. Joanitha aliitikia, "Ndiyo, bibi," kwa adabu zote. Siku mafundi walipopitisha waya, alitoa chetezo cha ubani, akasugua masizi kwa sabuni, akaiweka swichi humo. Palikuwa pazuri, juu, mbali na miguu ya watu. Ile "Ndiyo, bibi" yake ilikuwa ya mdomoni tu.

Fundi Nikodemu akaitwa kutoka Mwandiga. Alikagua kila ncha ya waya, akabadilisha anwani za kompyuta, akazima ulinzi wa mtandao na kuuwasha tena. Mchana ulipokuwa mkali kabisa, Selina akiwa amesharudi shule na kukaa kigodani pake, fundi akamsogelea Joanitha na kusema kwa sauti ya chini.

"Dada, waya ni wazima. Nimeunga hizi mbili moja kwa moja, bila swichi, zikaonana hapo hapo."

"Basi swichi imekufa."

"Nimefunga nyingine. Yale yale. Nikaiweka mezani, zikaonana. Nikairudisha humo kishubakani, zikapoteana." Akakionyesha kishubaka. "Halafu hebu nusa."

Joanitha akanusa. Marashi, mabichi, kama yamemwagwa sasa hivi. Nikodemu akaingiza mkono ili achomoe swichi, na humo ndani kitu kikavuta pumzi, ndefu, ya mtu aliyeamshwa usingizini.

"Yoo mawe we!" Kiha kikamponyoka, akarudi nyuma mpaka akagonga meza.

Bi Mwanvua aliingia kutoka uani akijifuta mikono. Akakiona kishubaka.

"Mwanangu," alinong'ona, "umemwekea nini humo?"

"Nani, bibi?"

"Mwenye pazia. Babu alimweka zamani za misafara ya watumwa, watu walipokuwa wakikamatwa. Kazi yake kuficha. Wabaya walipita mlangoni hapa wasiione nyumba. Kinachopita mikononi mwake hakionekani. Toa chombo chako taratibu, nimfukizie, tumwombe radhi."

Joanitha alikuwa na hasira. Walimu walikuwa wakisubiri mitihani yao, na yeye alikuwa amechoka kuhurumiwa. Akasogeza uso mpaka mdomo wa kishubaka.

"Nilipanga nyumba, sikupanga na shetani! Achia mashine zangu zionane. Kama huwezi kukaa bila kuficha, ficha kingine!"

Bi Mwanvua akajifunika uso kwa kanga.

Printa ikaamka. Kazi zote zilizokwama zikaanza kutoka kwa pamoja, mitihani na barua za maombi na ratiba za mazishi, karatasi juu ya karatasi, zikajaa na kumwagika sakafuni, na harufu ya marashi ikapanda mpaka ikakaba koo, na Joanitha akacheka kwa sauti, akasema kumbe majini nayo yanataka kufokewa, akageukia kigoda amwambie Selina aokote karatasi.

Kigoda kilikuwa kitupu.

"Selina?"

"Si huyo hapo, dada," Nikodemu alisema, akionyesha kigoda. Kisha akakiinamia. "Analia. Anauliza mama ameenda wapi."

Joanitha alijitupa pale, akipapasa. Mikono yake ilishika mti wa kigoda na hewa yenye marashi. Aliing'oa swichi, akaivunjavunja sakafuni. Printa haikusimama.

Bi Mwanvua alifukiza, akaomba, akatega sikio kishubakani. Alipogeuka machozi yalikuwa yakimtoka.

"Anasema hakuiba. Alipewa."

Tangu hapo kompyuta zile zinaonana vizuri sana, swichi haipo wala waya haujachomekwa. Bi Mwanvua ndiye anayemwogesha Selina, anamsuka, na kupeleka maneno: mama anasema ulale, mtoto anasema ameota jino. Joanitha hupika ugali na samaki wa migebuka, huweka sahani mbele ya kigoda, na kugeuza uso. Akigeuka tena hukuta sahani tupu, na huo ndio mkono wa mwanawe aliobakiwa nao.

"Anakula?" aliuliza juzi, akiwa ameelekea ukutani.

Bi Mwanvua alikitazama kigoda. Tangu Alhamisi iliyopita, hata yeye hajaona mtu pale.

"Anakula, mwanangu," alijibu, akitia ugali ule na samaki upesi ndani ya kanga yake. "Anasema leo samaki wamekolea."