Ufunguo wa Majaribio

Mtihani wa hisabati wa kumaliza sekondari uliibwa mjini Brno siku kumi kabla ya kufanywa. Ulikuwa kwenye kompyuta moja tu, iliyofungwa kwa chipu ya usalama, na namba ya siri ilijulikana na mtu mmoja: Bi Vlasta Hrubá, karani wa ofisi ya mitihani.

Inspekta Radim Koutný hakujisumbua. Alimtia pingu mbele ya wenzake, tena saa ya chakula.

"Afande, sikufungua mimi!"

"Ilijifungua yenyewe, siyo? Twende, mama."

Siku ya tatu, Zdena wa maabara ya uchunguzi alimwita. "Mkuu, tumechemsha."

"Wewe na nani?"

"Haya, umechemsha wewe. Kompyuta huzungumza na chipu kupitia programu endeshi. Siku ya wizi, programu hiyo ilipewa ufunguo wa majaribio, ikafungua bila hata kuiuliza chipu."

"Ufunguo gani tena?"

"Mafundi huuweka wakati wa kujaribu, kisha huufuta. Huyu hakuufuta. Na kama kawaida yao, aliandika kitu asichoweza kukisahau. Bohdana, na tarehe ya kuzaliwa."

Koutný alipiga hesabu. Miaka kumi na tisa, umri wa mtahiniwa. Akamkumbuka yule mama na pingu zake, akaona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

Otakar Zelinka, aliyeiandika programu, aliwafungulia Koutný na Zdena mlango na kuwatolea ndara za wageni kana kwamba wamekuja kunywa kahawa.

"Bohdana ni nani?"

"Binti yangu."

"Amefeli mara ngapi?"

"Mbili. Hii ndiyo nafasi ya mwisho."

"Ufunguo umekuwemo tangu lini?"

"Miaka minne. Niligundua baada ya kuikabidhi kazi, nikaona haya kusema. Fundi mzima, nimesahau ufunguo mlangoni! Nikanyamaza. Halafu, siku ya matengenezo ya kompyuta ile, nikautumia. Bi Vlasta alikuwa ametoka kunitengenezea kahawa."

"Ulisikia tumemkamata?"

"Nilisikia."

"Ukanyamaza tena."

Otakar aliinamisha kichwa. Machozi yalimdondokea magotini.

"Na binti ameusoma mtihani?"

"Nimeuchana, afande." Bohdana alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, amevaa koti. "Nilimpa baba siku mbili aje kwenu mwenyewe. Zilikwisha jana. Nilikuwa nakuja mimi."

Otakar alinyoosha mikono ili afungwe. Koutný alizirudisha pingu mfukoni.

"Vaa viatu," alisema. "Tuna mahali pa kupita, mimi na wewe."

Saa ya chakula walisimama katika ofisi ya mitihani, mbele ya makarani walewale. Bi Vlasta, aliyeachiwa asubuhi ile, alikuwa anakusanya vitu vyake mezani.

"Nilikukosea, mama," Koutný alisema kwa sauti, wote wasikie. "Mwizi ni huyu. Mjinga ni mimi."

Bi Vlasta alimgeukia Otakar.

"Kahawa yangu," alimwuliza, "uliinywa kabla au baada?"