Adui Yangu Alikuja na Kamba Siku ya Kikao cha Leseni

"LETE FAILI!!"

Panga likashuka.

Niliinua mkono wa kushoto bila kufikiri. Nilipoutazama, kidole cha mwisho kilikuwa kinaning'inia kwa ngozi tu, damu inaruka mpaka kwenye gauni nililolipigia pasi kwa ajili ya kikao.

Jamani, msiniulize kama niliumia. Nilipiga yowe mpaka sauti ikakauka.

Walikuwa wawili, wamejifunga shuka usoni. Saa mbili asubuhi, jua limeshawaka, katikati ya shamba la mihogo! Mfupi ana panga. Mrefu ana nondo.

"Chukueni simu! Chukueni pochi!" nikalia.

"Pochi ya nini? Tunataka faili!"

Hapo akili ikanigonga. Mwizi gani anakataa simu?

Kisha nikamwona mtu wa tatu anakuja mbio kutoka upande wa chuo cha Kurani. Kanzu ameikunja mpaka magotini. Mkononi ana kamba ndefu...

Ustadh Mbarak!! Adui yangu namba moja!

Nikajua leo nimekwisha. Hawa wananikata, huyu anakuja kunifunga.

Ngojeni niwaeleze.

Mimi naitwa Mumbe, Mama Nzau. Sisi ni watu wa Kitui tuliokuja kulima huku Kwale. Mume wangu alifariki akaniachia watoto wanne na baa ndogo nje kidogo ya Msambweni. Baa hiyo ndiyo unga, ndiyo karo, ndiyo kila kitu.

Mwaka huu leseni iliisha, nikatakiwa kuomba upya. Unabandika tangazo mlangoni, watu wanapewa siku ishirini na moja walete pingamizi, halafu kamati inakaa. Usipofika mwenyewe na karatasi zako, ombi linatupwa.

Siku ya tano tu, Ustadh akaja na barua mkononi.

"Mama Nzau, habari za asubuhi? Nimekuja kukusomea pingamizi langu kabla sijalipeleka."

"Ustadh, unataka wanangu wale mchanga?"

"La, mamangu. Lakini sheria inataka mita mia tatu kutoka panaposomeshwa watoto. Baa yako i karibu na chuo changu."

"Nani amepima?"

"Nitapima mwenyewe, inshallah."

Nilimporomoshea matusi ambayo siwezi kuyaandika hapa. Akayasikiliza yote, akasema "ahsante", akaenda zake.

Aliyenituliza ni shemeji yangu Mulwa, mdogo wa marehemu. Ndiye meneja wangu. Ndiye aliyenipangia karatasi zote kwenye faili. Jioni ya kuamkia kikao akaniambia:

"Shem, usijichoshe na huyo buda. Kesho we pitia njia ya mkato kwa mihogo. Mi natangulia kukushikia nafasi."

Nikamshukuru mno! Nikamwekea na nyama.

Sasa turudi kwenye mihogo.

Ustadh alifika, mimi nimeshafumba macho. Nikasikia "PWAA!" Nikafumbua. Ile kamba ilikuwa na mafundo mwanzo hadi mwisho, na ilikuwa imempiga mfupi usoni! Jicho likafumba papo hapo. Panga likamtoka, akakimbia huku amejishika uso.

Mrefu akamshushia Ustadh nondo begani. Mfupa niliusikia kwa masikio yangu ukivunjika.

"Ya Rabbi!" Ustadh akapiga goti.

Nondo ikainuliwa tena. Hii ilikuwa ya kichwa.

Wadau, sijui nguvu ilitoka wapi. Nililiokota lile panga kwa mkono mzima nikamkata nyuma ya goti. Alianguka kama gunia la nazi. Nikamrukia kifuani, nikaivuta shuka...

Randu!! Mlinzi wa baa yangu mwenyewe! Jana yake tu amekula ugali wangu!

"Randu, nimekukosea nini?!"

"Mama, nisamehe... Ni Mulwa. Alisema tukuzuie tu usifike, faili tulichome."

"Mulwa yupi?"

"Shemeji yako, mama..."

Nililiinua panga. Nawaambia ukweli, nilitaka kuua.

"Mama Nzau!" Ustadh akapaza sauti. "Ukimuua, wanao watabaki na nani?"

Nikalitupa. Yeye, kwa mkono mmoja na meno, akamfunga Randu juu ya jeraha ili damu isimwishe, kisha akamfunga mikono.

"Na hii kamba, Ustadh, ulikuwa nayo ya nini?"

"Nilikuwa napima kutoka chuoni. Kila fundo mita moja. Nimefika mia mbili na arobaini nikasikia unalia. Hesabu ikanipotea."

Majirani walipofika tukawaachia Randu wamshike mpaka polisi waje. Nikafunga mkono kwa leso, tukapanda boda mimi na Ustadh, faili kwapani.

Kufika ukumbini, Mulwa amesimama mbele ya kamati. Amevaa koti la marehemu mume wangu!

"Mwenyekiti, shemeji ameshindwa na hii biashara. Ameniachia mimi. Barua yake hii hapa, na sahihi ametia."

"Barua gani?" nikauliza nikiwa mlangoni.

Ukumbi mzima ukageuka. Damu yangu inadondoka sakafuni.

Mulwa alinirukia pale pale, akanikaba koo mbele ya watu!

"Baa ni ya kaka yangu! Ungekufa tu!"

Nilimng'ata mkono mpaka meno yakakutana. Askari akampiga rungu la mdomo, meno mawili yakaruka mpaka mezani kwa mwenyekiti. Akatolewa na pingu, huku ananitukania mama yangu.

Mwenyekiti akajifuta jasho.

"Ustadh, baada ya haya yote, pingamizi lako unaliondoa?"

Nikatabasamu. Mtu amevunjwa bega kwa ajili yangu, atanipinga tena?

"Siliondoi."

Weh!!

"Ulisema utapima kwa kamba. Iko wapi?" mwenyekiti akauliza.

"Nimemfungia mhalifu. Nendeni mkapime wenyewe."

Wakapima. Mita mia mbili sabini na moja. Leseni nikanyimwa.

Nililia kuliko nilivyokililia kidole. Siku saba baa imefungwa, watoto wanashindia uji, nami nimemchukia Ustadh upya.

Siku ya nane akaja. Mkono umefungwa shingoni, kamba mpya begani.

"Tembea nami, mamangu."

Tukaanzia chuoni kwake, yeye anahesabu mafundo, mimi nimenuna. Tukalipita shamba la mihogo mpaka kwenye kibanda kitupu cha Mama Mbeyu, muuza makuti. Akachomeka kijiti chini.

"Mimi sikusaidii kuuza pombe, Mama Nzau. Hiyo ni haramu kwangu. Nakuonyesha tu mita mia tatu za chuo zinaishia wapi."

Akageuka, akaenda kusomesha.

Leo nimebandika tangazo jipya kwenye mlango wa kibanda hicho. Ustadh amepita asubuhi, akalisoma lote neno kwa neno, akanisalimia, akaenda zake. Barua hajaleta.

Wapenzi, kikulacho ki nguoni mwako. Anayekuja kukupinga mchana, ana kwa ana, na barua yake mkononi, msimtukane kama nilivyomtukana mimi. Mwangalieni vizuri yule anayewapangia faili.