Pumzi ya Bunduki ya Tromans

Mimi mambo ya kichawi siyaamini. Nasema mapema, mtu asije akaniambia niliyataka mwenyewe. Jioni ile nilikwenda kwa Bi Pitchford kuchukua bunduki, basi.

Bunduki ya upepo, ile ya springi na pistoni. Kwetu Cradley, mji wa viwanda vya chuma, watu wanazikusanya zile za zamani kama wengine wanavyokusanya saa, na mimi ndiye fundi wao. Hii niliisubiri miaka thelathini. Zilitengenezwa chache mno kabla ya Vita ya Kwanza ya Dunia, na hii ilikuwa ya Eli Tromans, aliyeshinda miaka tisa mfululizo katika mashindano ya baa zetu, yale ya kupitisha risasi kwenye tundu dogo mpaka kengele ilie nyuma yake. Eli alipokufa ikaangukia kwa akina Pitchford. Walisema Eli hakuwahi kumruhusu fundi yeyote aifungue. Walisema na mengine. Watu hawakosi la kusema.

Jua lilikuwa linazama nilipobisha hodi. Bi Pitchford, mjane wa wiki tatu, miaka themanini na miwili, alinitolea bunduki imefungwa blanketi. Aliishika mbali na kifua chake.

"Marehemu Wilf alikuwa anaikoki na kuiachia kila jioni," akaninong'oneza. "Hata akiwa kitandani. Siku aliyoshindwa kuinyanyua, ndiyo siku aliyokata roho."

"Wilf alivuta sigara arobaini kwa siku, Bi mkubwa."

"Baba yake hakuvuta hata moja." Akanitazama. "Mumeo hajambo kifua?"

"Anakohoa. Si unajua ile kazi ya tanuru la chuma ilivyomfanya. Kwani vipi?"

Akafunga mlango. Nikasikia komeo... kisha komeo la pili.

Nilicheka njia nzima, tena kwa sauti kubwa kuliko ilivyostahili.

Fundi mwenye akili halazi bunduki ya springi ikiwa imekokiwa. Springi inachoka. Kwa hiyo niliikagua, nikaona imeachiwa, nikaitundika ukutani jikoni pamoja na zangu kumi na moja. Clem, mume wangu, aliitazama juu ya kikombe chake cha chai.

"Haya, mke mwenza kaja," akasema. "Huyu umemhangaikia kuliko ulivyonihangaikia mimi."

"Huyu hakoromi," nikamjibu.

Kesho yake, jioni, nilikuwa namenya viazi, Clem yuko mezani anakohoa.

Krrrk...

Sauti ya wenzo wa chuma ukivutwa taratibu. Halafu, tk. Ikafuata harufu ya mafuta ya zamani yaliyoungua. Niligeuka. Hakukuwa na mtu karibu na ukuta, na bunduki ya Tromans ilikuwa imekokiwa.

Bunduki za namna hii ukizikoki zinavuta hewa ndani na kuishikilia. Ndivyo zilivyoundwa.

Nyuma yangu, Clem alikuwa ameacha kukohoa.

Alikaa kitini, mdomo wazi, macho yamemtoka, vidole vimeng'ang'ania meza. Hewa haiingii. Haitoki. Midomo inaanza kuwa ya bluu.

Kufyatua bunduki tupu ni mwiko kwetu, maana pistoni hujigonga ikapasuka. Mikono yangu ikafanya ilichozoea: nikashika wenzo, nikabana kifyatulio, nikairudisha springi polepole. Hewa ikatoka mtutuni. Ya vuguvugu. Ndefu... ndefu kuliko silinda ile inavyoweza kubeba. Na Clem akapumua nayo, kidogo kidogo, kwa kadiri nilivyoulegeza mkono.

Nikaelewa. Sikuogopa kwanza, nilikasirika. Sijawahi kukasirika vile.

"Irudishe," Clem akanong'ona.

"Kwa yule bibi kizee? Ikammalize na yeye?"

"Basi iuze."

"Nimuuzie nani, Clem? Nitangaze natafuta mwenye mapafu mazuri?" Nikachukua bisibisi.

"Ukibadilisha kitu ndani haina thamani tena. Wewe mwenyewe unasema kila siku."

"Nyamaza. Pumua."

Niliibana kwenye jiliwa, kile chuma cha kubania kazi mezani. Skrubu ya kwanza iligoma. Nikaitukana matusi ambayo mama hakunifundisha, ikalegea. Springi ikatoka. Pistoni ikatoka. Kwenye kichwa cha pistoni hukaa washa, kile kizibo cha ngozi ya ng'ombe kinachozuia hewa isivuje, na baada ya miaka mia huwa imekauka kama biskuti.

Hii ilikuwa laini.

Ya moto.

Nikaisogeza kwenye taa. Ilikuwa na mistari myembamba, kama ya kiganja cha mtu. Ikajikunja mkononi mwangu... ikajikunjua. Ilikuwa inatafuta hewa.

Clem akaanza kukabwa tena.

"Huyu hapana," nikaiambia. "Umeshiba vya kutosha. Huyu humpati."

Nikaishika kwa koleo, nikaitupa ndani ya jiko la makaa, nikabana mlango wake kwa mguu. Ikatoa pumzi. Si moja. Za watu wengi. Kikohozi kimoja nilikitambua, cha Wilf Pitchford, vingine sikuvijua. Zikazunguka jikoni, zikanipita shingoni... halafu kimya.

Clem akavuta hewa mpaka kifua kikapanda. Hakikukwaruza.

"Thelma," akasema, "inaingia yote."

Nilikata washa mpya, ya ng'ombe ninayemjua. Wakusanyaji wakisikia wananisikitikia, na waendelee kusikitika. Eli aliipata wapi ngozi ile, na ilikuwa ya nani, sijui.

Clem siku hizi anapanda kilima cha kanisani bila kupumzika. Januari ilipoingia na barafu yake, tulimkuta Bi Pitchford langoni kwake, tukasimama kuzungumza. Mvuke ulikuwa unamtoka mdomoni kwa baridi. Mimi pia. Clem alikuwa anasimulia kichekesho fulani, anacheka, mdomo wazi kabisa.

Kwake haukutoka mvuke. Hata kidogo.

Bi Pitchford aliona. Akanigeukia, anataka kusema.

"Baridi ya mwaka huu kali," nikamwahi, nikamkazia macho mpaka akainamisha yake.

Nikamshika mume wangu mkono tukaenda zetu nyumbani. Mkono wake ulikuwa baridi, sikuuachia. Nimeolewa naye miaka thelathini na minane. Kama pumzi ile aliyoivuta jikoni ina mwenyewe, na aje mlangoni kwangu aiombe. Nipo.