Kamba Haizungushwi Mkononi

Kila asubuhi Beatha alimfungua ng'ombe wake na kumpeleka bondeni kunywa maji. Njia za kijiji chao, Mponde, zina miteremko mikali, na ng'ombe yule ni mkaidi kweli. Kwa hiyo Beatha alizungusha kamba mkononi mara mbili, kisha akaikaza. Ndivyo alivyofundishwa na mama yake. Ndivyo naye alivyowafundisha watoto wake.

Mwezi ule mwanawe Zabron alirudi kutoka Tanga, mkono wa kulia umefungwa bendeji. Alikuwa akifanya kazi katika hoteli ya ufukweni. Hapo wageni huvaa mbao miguuni, hushika kamba, na boti ya injini huwavuta wakiteleza juu ya maji. Zabron alikuwa anajifunza mchezo huo ili aufundishe. Siku moja alianguka, na kamba haikumwachia. Boti ilimburuta mpaka dereva alipogeuka na kumwona. Kidole kimoja kilikatika.

Beatha aliichukia bahari, akaichukia boti, akaichukia na hoteli yenyewe.

"Huko hurudi," alisema. "Chai ipo hapa shambani, utachuma."

Zabron alijibu kwa heshima kwamba atarudi. Kazi ile aliipenda.

Wakaenda zahanati kusafisha kidonda. Muuguzi Sabra aliwahi kufanya kazi Tanga, na majeraha ya boti aliyajua. Alipomaliza kusafisha, alimwuliza Zabron kamba aliishikaje. Zabron akachukua bendeji kwa mkono wa kushoto, akaizungusha mara mbili, akaikaza.

Beatha aliutazama mkono ule. Ulikuwa mkono wake mwenyewe, njiani na ng'ombe.

"Mama Zabron, umeona?" Sabra alisema taratibu. "Kamba ya boti ina mpini. Unashika mpini kwa vidole tu, ili ukianguka uuachie. Ukizungusha kamba mkononi, umejifunga mwenyewe."

Kisha akauliza ndani ya boti walikuwamo wangapi. Zabron akasema dereva peke yake.

"Dereva anatazama mbele. Lazima awepo mtu wa pili wa kukutazama wewe, na mkubaliane ishara za mikono kabla ya kuondoka. Boti ikirudi kukuchukua, injini izimwe kwanza. Pangaboi, lile panga la injini linalozunguka majini, inakata kuliko kamba. Na jaketi okozi, lile la kukufanya uelee, ulivaa?"

"Nilivaa, dada."

"Ndiyo maana leo tunaongea."

Walipofika nyumbani Beatha alimkabidhi Zabron kamba ya ng'ombe.

"Utarudi Tanga," alisema. "Lakini utarudi ukijua kuachia."

Tangu siku hiyo walishuka bondeni pamoja. Zabron alikunja kamba kiganjani bila kuizungusha. Mama akisema "Achia!" mkono unafunguka hapo hapo. Majirani waliwacheka sana, maana ng'ombe alitoroka kila mara. Beatha hakujali. Jioni naye alijizoeza, kwa kuwa mkono uliozoea vibaya miaka mingi haufunzwi kwa siku moja.

Kidonda kilipopona, Zabron alimpigia simu meneja wake. Alisema haingii majini bila mtu wa pili ndani ya boti. Meneja alilalamika, Zabron akashikilia neno lake, na mwishowe meneja akakubali.

Baadaye, akiwa amerudi Tanga, Zabron alipiga simu nyumbani na kusimulia. Mgeni wake ameanguka, ameachia mpini, na mtu wa pili ameinua mkono. Dereva amerudi taratibu na kuzima injini. Mgeni ametoka majini akicheka.

Asubuhi iliyofuata pikipiki ilipiga honi nyuma ya ng'ombe wa Beatha. Ng'ombe akakurupuka. Kamba ikachomoka kiganjani na kwenda zake. Beatha alimkuta katika shamba la jirani yake Jafari, anakula kabichi.

Jafari alikasirika. Alitaka kujua ni kwa nini amemwachia mnyama mkubwa namna ile.

Beatha aliinua mkono na kutanua vidole vyote vitano.

"Nisamehe, Jafari. Kabichi tutapanda nyingine," alisema. "Hivi havipandwi."