Zamu ya Mzee Damiani

Nilikwenda stesheni saa kumi na mbili jioni kupanga viti, na nilikwenda nimenuna. Kesho yake palikuwa na sherehe ya kuwapongeza wanaojitolea kwenye makumbusho yetu ya reli, nje kidogo ya Issuna. Orodha ya watakaopewa vyeti nilikuwa nayo mkobani. Majina tisa. Laurian, mwenyekiti wa kamati, alijiandika wa kwanza. Wa pili shemeji yake, mtu ambaye hajawahi kushika hata ufagio pale.

Mzee Damiani hakuwemo.

Miaka sita! Miaka sita mstaafu yule wa reli aliyakwangua mabehewa kutu, akazibua mitaro, akawaeleza watoto wa shule jinsi treni inavyobadilishiwa njia. Nilipouliza, Laurian alinijibu bila hata kunitazama, "Kwani marehemu atakuja kuchukua cheti?" Halafu akacheka. Nilitamani kumzaba kibao.

Mzee Damiani alitufundisha sheria ya watu wa reli wa zamani. Mtu wa zamu haondoki, na taa yake haiweki chini. Anasubiri mwenzake aje aipokee, mkono kwa mkono, ndipo aende nyumbani. Kila jioni nilikuwa naipokea mimi. Isipokuwa siku moja, mwezi wa sita, nilipocheleweshwa na foleni kwenye mashine ya alizeti. Nilimkuta amekaa benchi, amekwisha kufa, taa imeanguka miguuni pake.

Tukamzika hivyo hivyo, zamu yake haijapokewa na mtu.

Basi nikafungua mlango wa stesheni. Harufu ya mafuta ya taa ikanipiga puani. Nikashangaa, maana taa ile haikuwa imetiwa mafuta tangu msiba.

Kisha nikasikia... fyu... fyu... fyu...

Kitambaa kinafuta shaba.

Nikasogea. Alikuwa amekaa kwenye benchi lake, na koti lake la kaki, kofia imeshuka usoni. Anafuta taa.

"Shikamoo, baba," nilijikuta nimesema.

Hakuitika. Mzee Damiani, ambaye ukimwamkia ana tonge mdomoni alilimeza haraka ili aitike, hakuitika.

Alisimama taratibu. Akaninyooshea taa kwa mikono miwili.

"Umechelewa," alisema. Sauti ilikuwa kavu, ya chini mno.

Nilijua anachotaka, na nilijua ni haki yake. Lakini kuipokea zamu ya maiti... Nikaificha mikono nyuma ya mgongo. Nikarudi hatua moja. Naye akaja hatua moja.

Pikipiki ikanguruma nje. Laurian akaingia, simu mkononi, manukato yamemtangulia.

"Loyce, mbona giza? Ile taa ya zamani iko wapi? Kesho nataka niishike kwenye picha." Akamwona mzee. "Na huyu nani?"

Huyu nani! Mwenyekiti miaka sita, na hamjui. Hata mazishini hakufika. Angekanyaga pale stesheni hata mara moja, angeijua sura ile na angetimua mbio mpaka Ikungi. Woga wote ulinitoka, ikabaki hasira tupu. Nilikuwa na nafasi ya kumwambia asiishike. Neno lilikuwa mdomoni.

Nikampisha.

"Lete hapa, mzee," Laurian alisema, akaipokea.

Mzee Damiani aliachia. Akashusha pumzi ndefu, ya mtu aliyetua gunia. Akapita katikati yetu, akatoka. Nilipochungulia nje hapakuwa na mtu, si kwenye jukwaa wala relini.

Nilipogeuka, Laurian alikuwa ameketi kwenye benchi.

Fyu... fyu... fyu...

Hakwenda kwake usiku ule. Kwenye sherehe jina lake liliitwa mara tatu, naye yuko palepale anafuta taa, hageuki. Leo ni siku ya tano. Hali wala halali. Mchungaji ameomba akiwa mlangoni. Mganga aliyeletwa kutoka Mtinko hakuvuka kizingiti, alisema tu mtu yule asiguswe. Kila anayechungulia, Laurian anamnyooshea taa na kumnong'oneza, "Umekuja kunipokea?" Watu wanakimbia. Hawajui anauliza nini.

Mimi najua.

Jana mkewe alikuja kwangu, macho yamevimba kwa kulia.

"Loyce, mdogo wangu, wewe ulikuwepo. Ni nini kimempata?"

"Sijui, dada."

Alifuta machozi kwa upindo wa kanga. "Haya. Kesho Benjamin anatoka Misigiri. Yeye hawezi kumwogopa baba yake. Atampokea hiyo taa, amshike mkono, amlete nyumbani."

Benjamin sina ugomvi naye. Katika nyumba ile ni yeye peke yake aliyempelekea Mzee Damiani sukari alipougua. Nilitakiwa kusema palepale. Maneno yalifika kooni, hasira ikayarudisha chini.

Gari la kutoka Singida, atakalokuja nalo Benjamin, linafika saa nane mchana. Sasa ni saa saba na nusu. Mpaka stesheni ni mwendo wa dakika ishirini kwa miguu, na bado nimekaa hapa ndani.